Muungwana ni Kitendo: Brathwait, Mwana Kupona na Mlango wa Jikoni

Mwaka 1771 Oliver Goldsmith, mwandishi mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akiandamwa na madeni mjini London, alikodi vyumba katika nyumba ya mkulima kando ya barabara ya Edgware, mahali paitwapo Hyde, katika parokia ya Kingsbury. Kingsbury ya wakati huo ilikuwa mashamba na malisho, mbali kidogo na kelele za mji na za wadai. Katika utulivu huo aliandika tamthilia yake mashuhuri, "She Stoops to Conquer", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika jumba la Covent Garden tarehe 15 Machi 1773.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana Marlow, mtoto wa mtu mwenye hadhi, anasafiri kwenda kumwona Kate, binti wa Bwana Hardcastle, kwa nia ya uchumba. Njiani anadanganywa kwamba nyumba ya Hardcastle ni nyumba ya wageni. Akiisha kuingia, anamwamrisha mkwewe mtarajiwa kana kwamba ni mtu wa kulipwa. Mbele ya Kate aliyevaa kibibi, Marlow hawezi hata kuinua macho. Mbele ya Kate yule yule aliyevaa nguo za nyumbani na kudhaniwa kuwa mtumishi, anakuwa fasaha, mcheshi, na mikono yake haitulii. Kate anamjua mchumba wake kwa njia ya kujishusha, na anayoyajua asingeyajua kamwe kama angebaki kitini sebuleni.

Watazamaji wamecheka kwa zaidi ya karne mbili, lakini chini ya kicheko hicho kuna swali ambalo vitabu vya adabu vya Kiingereza vya karne iliyotangulia vilikuwa vimelikwepa: muungwana huwa nani pale anapodhani kwamba hakuna muungwana mwenzake anayemtazama? Swali hilo linafaa kuulizwa kwa kitabu kimoja hasa, nalo likiisha kuulizwa kwa Kiingereza, halina budi kuulizwa kwa Kiswahili pia, kwa kuwa lugha hii ina kitabu chake cha adabu na ina neno lake la "muungwana", lenye historia nzito kuliko wengi wanavyokumbuka.

Kitabu hicho cha Kiingereza ni cha Richard Brathwait, aliyezaliwa mwaka 1588 katika ukoo wa wenye ardhi wa Westmorland, kaskazini mwa Uingereza, na kusoma Oxford. Mwaka 1630 alitoa "The English Gentleman", na mwaka uliofuata "The English Gentlewoman". Mwaka 1641 vitabu hivyo viwili viliunganishwa katika juzuu moja, mume na mke ndani ya jalada moja. Kila kimoja kina mada nane, na kila kimoja kinafunguliwa kwa mchoro ambamo mhusika mkuu amezungukwa na vipicha vinavyofafanua mada hizo.

Mada za mwanamume ni ujana, silika, elimu, wito wa kazi, burudani, marafiki, kiasi, na ukamilifu. Za mwanamke ni mavazi, mwenendo, maneno ya heshima, staha, sifa njema, mapenzi, ubora wa nasaba, na hadhi. Orodha hizi zikiwekwa sambamba zinasema mengi kabla hata ukurasa wa kwanza haujasomwa. Mwanamume anaanza na umri wake, anapita katika elimu na kazi, na kuishia katika ukamilifu. Hiyo ni safari. Mwanamke anaanza na nguo. Elimu haimo katika orodha yake, wala kazi, wala marafiki. Zaidi ya hayo, kwa Kiingereza mada nane za mwanamke zinafuata alfabeti bila kuruka, kuanzia A mpaka H, kama kitabu cha mtoto anayefundishwa herufi. Mada za mwanamume hazina mpangilio huo. Mwanamume amepewa ramani, mwanamke amepewa kitabu cha chekechea.

Brathwait hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Anawapenda wasomaji wake wa kike, anawasifu, anawaonya kwa upole. Lakini anawaonya hata juu ya kusoma. Kwa maoni yake, utenzi wa mapenzi wa Shakespeare juu ya Venus na Adonis haumfai bibi mwenye heshima kuwa mwenzake wa faragha. Na mtu yule yule aliyehubiri kiasi ndiye anayekubaliwa leo kuwa mwandishi wa masimulizi ya kishairi ya mwaka 1638, kwa Kilatini na Kiingereza, kuhusu msafiri mlevi anayezunguka Uingereza kutoka kilabu hadi kilabu. Kitabu cha adabu alikitia jina lake. Kile cha ulevi hakukitia. Hapa tayari Marlow ananusa: kuna uso wa sebuleni na uso wa baa, na kila mmoja una kitabu chake.

Hata hivyo, kumcheka Brathwait kwa unafiki ni kazi rahisi isiyomfaidi msomaji. Tatizo la kitabu chake liko ndani zaidi, na ni tatizo la aina nzima ya vitabu vya adabu. Kama uungwana ni wa kuzaliwa nao, hauhitaji kufundishwa. Bata hafundishwi kuogelea. Na kama unaweza kufundishwa, basi si wa kuzaliwa nao, na yeyote mwenye fedha ya kununua kitabu na macho ya kukisoma anaweza kuupata. Kitabu hakimwulizi mnunuzi jina la babu yake. Mfanyabiashara wa London aliyetajirika kwa sufu au sukari angeweza kukifungua usiku na kujifunza namna ya kusalimu, kuvaa na kunyamaza. Brathwait anaujua mtego huo, ndiyo maana anasisitiza mara kwa mara kwamba wema ndio uungwana wa kweli na kwamba nasaba bila wema ni jina tupu. Lakini akisema hivyo anaukata mkono wa kiti alichokalia. Alikusudia kujenga ukuta, akajikuta ametengeneza mlango. Mwaka mmoja baada ya juzuu la pamoja, mwaka 1642, vita vilizuka kati ya mfalme na bunge, na tabaka ambalo kitabu kililichora kwa utulivu namna ile likagawanyika na kuuana.

Kiswahili kina mtego huo huo ndani ya neno moja. "Muungwana" leo ni mtu mstaarabu, mwenye kauli njema. Lakini maana yake ya msingi pwani ilikuwa ya kisheria na ya kijamii: mtu huru, asiye mtumwa. Bila mtumwa neno hilo halikuwa na umbo, kama vile neno "juu" lisivyo na maana bila "chini". Na bado, hata katika karne ya 19 utumwa ulipokuwa umepamba moto, mpaka huo ulikuwa ukivuja. Katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara, wapagazi na walinzi walijiita waungwana, na wengi wao walikuwa watumwa au watu waliopata kuwa watumwa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lugha waliyoieneza ikaitwa Kingwana, na Kongo ya mashariki ikarithi jina la mabwana kutoka kwa watu ambao pwani wasingekubaliwa kuwa mabwana. Mtu aliyebeba pembe za ndovu mabegani kwa miezi alijipa mwenyewe cheo ambacho Brathwait angekihitajia ukoo.

Kisha sheria ikabadilika. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Neno likabaki bila kinyume chake cha kisheria, na methali ikapata nafasi ya kutawala: muungwana ni kitendo. Methali hii husemwa kirahisi siku hizi, katika hotuba za harusi na katika mabishano ya ahadi zilizovunjwa, lakini ndani yake kuna mapinduzi. Inasema kwamba cheo ambacho kilikuwa cha damu sasa kinathibitishwa na mkono. Methali hii ndiyo Kate wa Goldsmith aliyejishusha ili aone kitendo.

Ni katika mwanga huo inafaa kuusoma tena Utendi wa Mwana Kupona, ambao ndio ndugu wa karibu zaidi wa vitabu vya Brathwait katika fasihi ya Kiswahili. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, kwa lahaja ya kaskazini na kwa hati ya Kiarabu, beti 102, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, mtu aliyempinga Sayyid Said wa Unguja kwa miaka mingi na ambaye mji wake uliwahi kuyashinda majeshi ya Sultani. Mama anayezungumza katika utendi huu ni mgonjwa. Amelala mwaka mzima. Mumewe amekwisha kufa, na uhuru wa Siyu hauna miaka mingi mbele yake. Kama Brathwait mwaka 1641, anaandika kanuni za nyumba wakati paa la mji linalia.

Tofauti ya kwanza ni sauti. Brathwait anamwandikia mwanamke ambaye hamjui, kupitia duka la vitabu. Mwana Kupona anamwita mtoto wake aje karibu na wino na karatasi. Mwandishi ni mwanamke, msikilizaji ni mwanamke, na vifaa vya kuandikia vimetajwa kabla ya onyo lolote. Kisha, baada ya kumwusia mmoja, anawafungulia wote: anawaita wanawake wengine wausome. Yale yaliyoanza kitandani kwa mgonjwa yanakuwa mali ya umma, lakini hayapotezi joto la chumba yalimotoka. Hapana kitabu cha chekechea hapa. Kuna urithi, na mama anaueleza kwa lugha ya vito: hirizi ya kumlinda, kidani cha lulu na marijani cha kumvika. Kwa mtu ambaye mali na mji wake viko hatarini, maneno ndiyo vito visivyoweza kutekwa.

Tofauti ya pili inahusu jina. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu Uingereza mwaka 1934, waliupa kichwa kinachoutaja kuwa ushauri juu ya wajibu wa mke. Kichwa hicho kimekaa shingoni mwa shairi kwa miongo mingi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa inamhusu mume. Lakini utendi unaanza na dini, unakuja kwenye ulimi wa adabu na ukweli, unataja radhi za Mungu, Mtume, baba na mama, na unamalizikia katika dua ndefu kwa watoto na jamaa. Kuuita kitabu cha wajibu wa mke ni kuutia ndani ya jalada la Brathwait, kuanzia kwenye nguo.

Na hata sehemu ya mume haisomeki kwa njia moja. Binti anausiwa amkande mume, ampepee anapolala, asimwamshe, amnyoe, amtengeneze ndevu, amfukize udi asubuhi na jioni, amtunze kama mtoto asiyejua kusema. Ann Biersteker, katika makala ya mwaka 1991, alionyesha kwamba beti hizi zaweza kusomwa kwa kejeli: bwana anayehitaji kulishwa na kupepewa kama mtoto mchanga ni bwana wa namna gani? Si lazima msomaji akubali kwamba mama mgonjwa, aliyekumbuka ndoa yake kwa shukrani, alikusudia kejeli. Inatosha kuona kwamba shairi linabeba uzito wote wawili bila kuvunjika. Marehemu mumewe aliwatisha masultani, naye mjane wake anajua jinsi mtu huyo alivyolala.

Lakini kuna ubeti mmoja ambao mhakiki mwaminifu hawezi kuupita kwa sababu ya kumpenda Mwana Kupona. Anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, wasije wakamtia aibuni. Hapo mlango wa jikoni unafungwa. Wapo watu ndani ya nyumba ya Siyu ambao wanachota maji, wanatwanga, wanabeba, na ambao utendi unawajua kama hatari tu. Adabu yote nzuri iliyofunzwa kwa wazazi, mume, wageni na jirani haivuki kizingiti hicho. Wapo wanaoutetea ubeti huo kwa kusema kwamba ndivyo zama zilivyokuwa, na wapo wanaotaka kuutupa utendi mzima kwa ajili yake. Njia zote mbili zinamkwepa Mwana Kupona. Zama zilikuwa hivyo, na ndiyo sababu ubeti huo ni ushahidi. Na utendi ni mkubwa, na ndiyo sababu ufa wake unastahili kuonyeshwa. Mwana Kupona na Brathwait, walioachana katika mengi, wanakutana hapa: wote wawili wanamfundisha muungwana namna ya kuwa mbele ya waungwana. Swali la Kingsbury, la mtumishi anayetazama, hawaliulizi.

Karne moja hivi baadaye Shaaban Robert aliirudia kazi hiyo kwa umbo linalofanana ajabu na lile la Brathwait: aliandika tenzi mbili za mausia, Hati kwa binti na Adili kwa mtoto wa kiume. Aliyeandika alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, Mwafrika aliyejua vizuri maana ya kuamrishwa ofisini na watu waliomzidi cheo tu. Katika mikono yake mausia yanageuka kimyakimya. Utu, neno analolipenda, linachukua mahali pa uungwana, na utu hauna kinyume chake miongoni mwa watu. Hauhitaji mtumwa ili uwe na maana. Huenda hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia ya mausia ya Kiswahili, nayo imepita bila kelele kwa sababu ilikuja katika bahari ile ile ya vina na mizani ambayo wasikilizaji waliizoea.

Hapa njia inarudi Kingsbury. Ile parokia ya mashamba ni sehemu ya mtaa wa Brent siku hizi, na treni ya chini ya ardhi ina kituo chake hapo. Brent ni miongoni mwa sehemu za London zilizopokea familia nyingi za asili ya Kihindi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, hasa katika miaka ya mwisho ya 1960 na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Waliokuja baadaye kutoka pwani na bara wamewakuta huko. Kwa hiyo Kiswahili kipo. Lakini ni Kiswahili gani? Baadhi kilisafiri na nyimbo, mizaha na mapenzi ya kweli ya lugha. Baadhi kilisafiri kama Kiswahili cha jikoni, ndugu wa Kisetla cha walowezi: lugha iliyojifunzwa kwa kumwamrisha yaya na boi, yenye vitenzi vingi vya kuamuru na isiyo na "tafadhali", wala "shikamoo", wala "pole". Mtu anaweza kuishi miaka 20 na lugha na kuijua upande mmoja tu, ule wa kutoa amri. Huyo ni Marlow wa sarufi.

London imezigeuza nafasi hizo. Katika mitaa kama hii mwanamke aliyelelewa Mombasa au Tanga anaweza kuwa ndiye anayelipwa kwa saa kumwogesha mzee, kumgeuza kitandani, kumchana nywele, kumlisha na kukaa kimya anapolala. Orodha ya kazi zake, ikiandikwa kwenye karatasi ya wakala, inafanana na beti za Mwana Kupona kuliko kitu chochote alichowahi kukiandika Brathwait. Mausia ya mke wa mtawala yamekuwa kazi ya mhamiaji. Yule aliyekuwa hana sauti katika utendi, mtu wa saa za kazi tu, ndiye sasa anayeushika utendi mkononi, na pengine ndiye pekee ndani ya nyumba hiyo anayeweza kuusoma.

Hilo linabadilisha namna ya kuusoma. Msomaji wa Kiswahili aliyeko ughaibuni hana sababu ya kumtafuta Mwana Kupona ili apate picha ya heshima iliyopotea, wala ya kumwonea haya. Ana sababu ya kumsoma akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo Kate alisimama, na kupima kila ubeti kwa swali moja: je, adabu hii ingemfikia aliyebeba maji? Beti nyingi zinapita mtihani huo: ulimi mtamu, ukweli, subira na mgonjwa, ukarimu kwa anayekuja. Ubeti mmoja haupiti. Kitabu cha Brathwait, chenye kurasa mamia, kinapita kwa shida zaidi, kwa kuwa karibu kila kitu ndani yake kinahitaji hadhira ya wenye hadhi ili kionekane.

Wazee wa pwani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu katika maneno matatu kabla ya mhakiki yeyote. Methali yao haisemi kwamba muungwana ni vazi, wala ukoo, wala kitabu. Inasema kitendo, na kitendo huonwa vizuri zaidi na yule ambaye mtendaji hamhesabu.